Mazembe na ugonjwa wa kuanza upya kila msimu

Kundi lilimalizika hivi: Al Hilal ya Omdurman, MC Alger, Yanga, halafu sisi. Hiyo ni Ligi ya Mabingwa Afrika ya msimu wa 2024-25, na Tout Puissant Mazembe, klabu yenye mataji 5 ya kombe hilo, ilishika mkia. Miezi tisa kabla ya hapo klabu hiyo hiyo ilikuwa nusu fainali ikipambana na Al Ahly, na mechi ya kwanza hapa Lubumbashi iliisha 0-0. Mtu wa mbali atauliza kilitokea nini katikati. Mtu wa Lubumbashi haulizi, ameshazoea. Timu inajengwa, inaanza kueleweka, majina yanabadilika, kisha tunaombwa subira kwa sababu kikosi kinajengwa upya.

Nimechoka na hilo neno upya. Klabu inayojengwa upya kila mwaka haijawahi kumaliza kujengwa, na mtu mzima akikuambia kila mwaka kwamba nyumba yake iko kwenye msingi, una haki ya kumuuliza matofali yanakwenda wapi.

Hoja yangu ni fupi. Mazembe iliyochukua Afrika ilijua kumleta mchezaji, ikajua pia kumbakiza. Mazembe ya miaka hii imebaki na ujuzi wa kuleta na ujuzi wa kuuza, na ule wa katikati, ule mgumu usiopigiwa picha uwanja wa ndege wa Luano, imeusahau.

Watu wanapenda kusema kwamba utukufu wetu ulinunuliwa kwa pesa za Moïse Katumbi, na pesa zilipopungua utukufu ukaondoka. Nusu yake ni kweli. Lakini hesabuni miaka. Katumbi alikamata urais wa klabu 1997. Taji la kwanza la Afrika chini yake lilikuja 2009. Hiyo ni miaka 12 ya kutoa pesa bila kombe la Afrika mkononi. Kipa Robert Kidiaba na mshambuliaji Trésor Mputu walikuwa hapa tangu 2002, yaani walivaa nyeusi na nyeupe miaka saba kabla ya kunyanyua kombe lile. Mashabiki waliozaliwa baada ya 2000 wanadhani ile timu ilishuka kutoka mbinguni ikiwa tayari. Sisi tuliiona ikifungwa, ikitolewa mapema, ikirudi mwaka unaofuata na sura zile zile, zimekomaa kidogo.

Kabla ya hapo tulikaa miaka 41. Timu ya 1967 na 1968, wakati ule ikiitwa Englebert, ilichukua kombe la mabingwa mara mbili mfululizo na kucheza fainali nne kwa miaka minne, hadi 1970. Hakuna klabu nyingine iliyotetea taji lile mpaka Enyimba ya 2003 na 2004. Baada ya 1968 tulipata Kombe la Washindi 1980, halafu kimya kirefu. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha jambo moja: Lubumbashi haijawahi kupata timu kubwa kwa bahati ya msimu mmoja. Zote mbili, ile ya wazee wetu na ile ya kizazi cha Kidiaba, zilikuwa timu za watu waliocheza pamoja mpaka wakajuana kwa mlio wa miguu.

Chukueni 2010, mwaka ambao kila mtu anaukumbuka kwa sababu ya Kidiaba kushangilia akirukaruka kwa makalio. Mputu hakuwepo. Alikuwa amefungiwa na FIFA kwa mwaka mzima, baada ya vurugu za kumvamia mwamuzi kwenye Kombe la Kagame kule Kigali. Guy Lusadisu naye alifungiwa. Fikirini: klabu inampoteza mchezaji wake bora, mchezaji bora wa CHAN 2009, nusu ya msimu imebaki. Ilifanya nini? Iliipiga Espérance 5-0 hapa Lubumbashi katika fainali ya kwanza, ikatoka sare 1-1 Tunis, ikaenda Abu Dhabi. Kule Bedi Mbenza akaifunga Pachuca. Kabangu na Kaluyituka wakaitoa Internacional ya Brazil kwa 2-0, na kwa mara ya kwanza timu ya Afrika ikacheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Inter ya Milano ilitufunga 3-0, sawa, hakuna aliyelia.

Timu iliyojengwa kwa jina moja ingeanguka siku Mputu alipofungiwa. Ile haikuanguka kwa sababu beki Kasusula alijua beki mwenzake Kimwaki atasimama wapi, na kiungo Mihayo alijua Bedi anataka mpira mguuni au kwenye nafasi. Vitu hivyo havisajiliwi. Vinakuja kwa kukaa.

Sasa tuje kwenye usajili wenyewe, maana kubakiza bila kuleta ni uzee tu. Kipindi kile klabu ilikuwa na macho mazuri, na yalikuwa yanatazama karibu. Kutoka hapa hadi mpaka wa Kasumbalesa ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari, na ng'ambo yake kuna miji ya shaba ya Zambia ambako watoto wanakulia kwenye mupira kama wa kwetu, wanakula bukari, yaani ugali, kama sisi, hata kama wao wanauita nshima. Rainford Kalaba alikuja, akakaa zaidi ya miaka kumi. Stoppila Sunzu alikuja. Hichani Himoonde pia. Zambia ilipochukua Kombe la Afrika 2012 mjini Libreville, penalti ya mwisho ilipigwa na Sunzu akiwa mchezaji wetu, na huku Lubumbashi watu walisherehekea kama vile Leopards, timu yetu ya taifa, ndio walioshinda. Mchezaji kutoka Ndola au Kitwe hakuhitaji miezi sita ya kuzoea chakula, joto la mwezi wa kumi, wala kelele za Kamalondo, uwanja wetu. Alishuka kwenye gari akaanza kazi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; wale walilishika siku ya kwanza.

Halafu Tanzania. Mwaka 2011 tulikutana na Simba katika Ligi ya Mabingwa, tukawatoa, na katika kuwatoa tukamwona kijana anayeitwa Mbwana Samatta. Akaletwa, Thomas Ulimwengu naye akaja mwaka huo huo. Msomaji wa Dar es Salaam anajua yaliyobaki: mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa 2015, mfungaji bora, mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, halafu Genk Januari 2016.

Kuna upande mwingine wa mechi zile za Simba ambao sisi hatupendi kuusimulia. Simba walikata rufaa kuhusu Janvier Besala Bokungu, beki aliyetoka Espérance, wakidai hakuwa na haki ya kutuchezea. CAF ikakubaliana nao ikatuondoa mashindanoni, mabingwa watetezi wa mara mbili, kwa sababu ya karatasi. Jozi ile ile ya mechi ilitupa Samatta na ikatunyang'anya msimu. Ukitaka kuelewa usajili ni nini, soma hapo. Jicho la kumwona mchezaji ni nusu ya kazi. Nusu nyingine inafanyika ofisini, na mtu wa ofisini akilala, kazi ya jicho inapotea.

Nirudi 2015, kwa sababu hapo ndipo ushahidi wangu mkubwa ulipo. USM Alger tuliwafunga 2-1 kwao na 2-0 kwetu. Taji la tano. Miezi miwili baadaye Samatta akaondoka. Ulimwengu akafuata mwisho wa 2016, Roger Assalé akaenda Young Boys Januari 2017. Patrice Carteron, kocha wa taji, naye akaenda zake. Kwa hesabu za leo, hiyo ni timu iliyovunjwa, na tungeambiwa tusubiri miaka miwili. Lakini Kombe la Shirikisho la 2016 lilikuja Kamalondo chini ya Hubert Velud. MO Béjaïa walipigwa 4-1 hapa. La 2017 likaja pia, mbele ya SuperSport United ya Afrika Kusini, na safari hii kocha alikuwa Pamphile Mihayo, yule yule kiungo wa 2010.

Waliondoka washambuliaji, wale ambao Ulaya inawataka. Hawakuondoka Kimwaki, Kasusula, Kalaba. Hawakuondoka wote kwa pamoja. Kila mpya aliyeingia alikuta watu kumi wanaojua wanachofanya, akawa yeye peke yake wa kufundishwa. Hebu geuzeni hesabu hiyo: wapya sita na wenyeji watano. Nani anamfundisha nani?

Kilichobadilika baada ya hapo kina sababu nyingi, na sitaki kumbebesha mtu mmoja. Kampuni ya madini ya Katumbi, MCK, iliuzwa 2015. Mei 2016 yeye mwenyewe akaondoka nchini kwa mambo ya siasa, akarudi Mei 2019. Agosti 2018 alifika mpaka wa Kasumbalesa akazuiwa kuingia. Klabu inayosimama kwa mfuko wa mtu mmoja, mtu huyo akikaa uhamishoni miaka mitatu, ni muujiza kwamba haikushuka daraja. Wanaomtukana Chairman leo wakumbuke hilo. Mishahara ililipwa, nyasi za uwanja zilitunzwa, watoto wa akademia walikula.

Na akademia ndiyo ilikuwa jibu. Katumbi Football Academy ilianza 2012 na wazo lake lilikuwa zuri: badala ya kununua Ghana na Mali kila merkato, yaani dirisha la usajili, tulime wenyewe. Nakubali, na bado nakubali. Jackson Muleka, mtoto wa hapa hapa, ni tunda la shamba hilo. Msimu wa 2018-19 timu changa ikiwa na Muleka na Meschack Elia ilianza kutuamsha usingizini. Club Africain ya Tunis walikuja Februari 2019 wakarudi na mabao 8-0 mgongoni. Robo fainali tuliipiga Simba 4-1. Espérance wakatutoa nusu fainali kwa bao moja katika mechi mbili. Bao moja! Timu ya vijana. Kila shabiki aliyetoka uwanjani siku ile aliamini kwamba mwaka unaofuata, au ule mwingine, tutachukua.

Elia akaenda baada ya mgogoro mrefu wa mkataba, akatua Young Boys. Muleka akauzwa Standard Liège 2020, akiwa na miaka 20. Tukaanza upya.

Siwalaumu vijana. Mtoto wa Katuba au Ruashi anayepewa nafasi ya kucheza Ulaya na kumjengea mama yake nyumba, ningemshangaa angekataa. Ninalolaumu ni mpangilio. Shule ya mpira ilijengwa ili kulisha timu ya kwanza, polepole timu ya kwanza ikageuka dirisha la duka la shule. Mtoto anapanda, anacheza msimu mmoja na nusu, anaonekana, anatoka. Anayekuja nyuma yake naye ana miaka 19. Tunauza wa miaka 20 na kuchukua wa miaka 19, kwa hiyo kikosi kiko palepale kwa umri na kwa makosa. Makosa ya miaka 19 ni yale yale kila mwaka: beki anapanda wakati hakuna wa kumfunika, kiungo anapiga chenga dakika ya 88 tukiwa mbele kwa bao moja, timu nzima inarudi golini bila mtu wa kushika mpira. Mnakumbuka Desemba 2024, Yanga hapa kwetu? Tulikuwa tunaongoza. Dakika za nyongeza Prince Dube akasawazisha. Hakukuwa na mtu mmoja wa miaka 29 wa kulala chini, kufunga kamba za kiatu, kumzungumzisha mwamuzi. Kalaba angefanya. Mputu angekwenda na mpira kwenye kibendera cha kona akakaa nao hadi kesho.

Kuna baba mmoja anayeuza jezi, au mayo kama tunavyosema huku, kando ya barabara ya kwenda stadi, yaani uwanjani. Zamani alikuwa na mashine yake ya kupiga majina mgongoni: Mputu, Kalaba, Samatta, unalipa, unangoja kidogo, unavaa ingali ya moto. Siku hizi ananing'iniza jezi zote mgongo mtupu kwenye kamba, zile za namba 10 mbele kwa sababu ndizo zinazokwenda haraka, na mashine ameifunika kwa gunia. Ukimwuliza jina anacheka: "Jina itaenda na mwenyewe, miye nitabakia na mayo." Mtu ambaye hajasoma ripoti hata moja ya klabu ameelewa sera ya usajili kuliko wengi wetu. Biashara yake inamwambia kwamba mchezaji wa Mazembe hadumu muda wa kuuza jezi kumi na mbili.

Na barabara ya Tanzania sasa ina msongamano upande wa pili. Hili linaniuma kuliko yote, niwe mkweli. Zamani tulikuwa tunachukua Dar es Salaam. Sasa Dar es Salaam inachukua kwetu. Jean Baleke alikuwa mchezaji wetu, tukamtoa kwa mkopo, Simba wakampokea Januari 2023 akaanza kufunga huku sisi tukitafuta mfungaji. Djuma Shabani, Tuisila Kisinda na Fiston Mayele walitoka AS Vita ya Kinshasa wakaenda Yanga. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union, akapita juu ya vichwa vyetu. Msimu wa 2022-23 Yanga yenye wale watatu wa AS Vita ilitufunga 3-1 kwao na 1-0 hapa kwetu katika Kombe la Shirikisho. Tulipigwa na timu ya ugenini iliyokuwa inaongea Lingala na Kiswahili chetu kwenye benchi.

Mayele ndiye somo lenyewe. Mzaliwa wa Mbuji-Mayi, alicheza ligi yetu kwa miaka, kila mtu alimwona. Hakuwa siri. Alikuwa na kasoro moja tu machoni pa sokoni: alishapita umri wa kuuzwa Ulaya kwa bei nzuri. Yanga hawakujali hilo kwa sababu walitaka mabao. Pyramids ya Misri nao walitaka mabao, na Juni 2025 Mayele alifunga katika fainali ya pili dhidi ya Mamelodi Sundowns, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika. Mkongo wa ligi yetu, amekomaa, anachukua kombe ambalo sisi tunalitafuta kwa watoto wa miaka 19. Kama kigezo chako cha kwanza cha kumsajili mtu ni utamuuza kwa bei gani, Mayele utampita kila siku.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza ni pesa: Al Ahly, Sundowns, Pyramids, na sasa hata Simba na Yanga, wanalipa mshahara ambao Linafoot, ligi yetu ya Kongo, haiwezi. Ni kweli. La pili ni ligi yenyewe. Mchezaji anahitaji mechi, na ligi yetu inasimama na kuanza kama umeme wa SNEL. Msimu wa 2022-23 haukumalizika. Mwaka 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari na Bukavu mwezi uliofuata, vilabu vya mashariki vikabaki bila uwanja, bila safari, wachezaji wao wakitawanyika. Vijana wa Virunga, wa Dauphin Noir, wa Bukavu Dawa, wangapi walikuwa na miguu ya kucheza Kamalondo? Kocha yeyote anayekaa wiki sita bila mechi ya ushindani, halafu anapelekwa Cairo, anaonewa.

Lakini majibu hayo yote yanazungumzia kwa nini mchezaji nyota anaondoka. Hayasemi kwa nini beki wa kati wa miaka 26, ambaye Ulaya haimtaki na Misri haijamwona, naye hadumu. Hayasemi kwa nini mkataba unaachwa ufike miezi sita ya mwisho. Kwa sheria za FIFA, mchezaji akibakiza miezi sita anaruhusiwa kusaini kwingine, na akiondoka hivyo klabu haipati hata franka ya kununulia maji. Hapo suala la utajiri wa Sundowns halimo. Ni kalenda tu.

Jirani zetu wanatufundisha, na naandika hili meno yakiwa yamekazana. FC Saint-Éloi Lupopo, cheminots, yaani watu wa reli, watu wa bluu na njano, waliochukua ubingwa wa nchi mara ya mwisho 2002, wamejiimarisha kimya kimya. Oktoba 2025 waliitoa Orlando Pirates kwa penalti baada ya kila timu kushinda 3-0 kwake, wakaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Msimu huo jina la Lubumbashi kwenye makundi yale lilikuwa lao. Niliwatazama kwa makini kuliko nilivyokusudia. Hawana wachezaji wazuri kuliko wetu. Wana watu wazima wengi zaidi uwanjani. Basi, nimesema, tuendelee.

Tena hatuhitaji kwenda mbali mpaka kwa Lupopo. Ndani ya nyumba yetu wenyewe kuna timu ya wanawake. Mwaka 2022 walikwenda Ligi ya Mabingwa ya wanawake kule Morocco wakatolewa kwenye makundi. Novemba 2024 walirudi Morocco wakaifunga AS FAR, wenyeji, 1-0 katika fainali, na kocha wao Lamia Boumehdi akapewa tuzo ya CAF ya kocha bora wa mwaka. Klabu ile ile, komite ile ile, rangi zile zile. Sijasikia mtu akiwauliza wale mabinti watauzwa lini Ubelgiji. Labda siku moja soko litawafikia nao, na pesa yao haitakuwa haramu. Ila kombe walishalichukua kwanza.

Sisi mashabiki tuna deni letu pia. Kila merkato ikifunguliwa tunataka sura mpya. Komite ikitangaza kwamba imemwongezea mkataba beki wa kushoto, hakuna anayepiga ngoma. Ikitangaza winga kutoka Bamako ambaye hatujawahi kumwona akigusa mpira, mtaa mzima unaimba. Mchezaji wa mwaka wa nne akikosea pasi mbili, Kamalondo inampigia miluzi mpaka mke wake anaondoka jukwaani. Kalaba mwenyewe alizomewa miaka yake ya mwisho hapa, na waliomzomea ndio leo wanasema hakuna tena wachezaji kama Kalaba.

Nini kifanyike? Kiangazi hiki, kabla jina lolote jipya halijatajwa, komite ichague wachezaji sita: kipa, mabeki wa kati wawili, kiungo mkabaji, na wengine wawili ambao kocha anawaamini hata wakiwa na siku mbaya. Hao waongezewe mikataba ya miaka mitatu, na simu ya wakala ikiingia kuhusu mmoja wao jibu liwe bei ya kumkatisha tamaa. Mshambuliaji wa akademia auzwe, mmoja kwa msimu, tena baada ya msimu wake wa pili kamili, na sehemu ya pesa yake ilipe mikataba ya wale sita. Jicho la usajili lirudi lilipokuwa: Kolwezi, Mbuji-Mayi, Goma, Copperbelt, Dar es Salaam, na lisiogope mtu wa miaka 27. Aliyekwenda kwa mkopo afuatiliwe, asije akatufungia huko alikokwenda halafu tujifanye hatumjui. Na kocha apewe misimu mitatu kwa maandishi, hata kama wa kwanza utakuwa mchungu. Nina hakika mchungu utakuwepo. Mimi tiketi yangu nitanunua.

Gharama ya yote hayo haifiki bei ya wageni watano tunaowaleta kila mwaka na kuwasindikiza Luano miezi kumi na minane baadaye. Wa kwanza kuongezewa mkataba, kama mnataka maoni yangu, awe beki wa kati. Washambuliaji watakuja tu, huu mji haujawahi kukosa mfungaji.